Windhoek: jiji linalokunywa maji yake mara ya pili

Mito ya Namibia inayotiririka mwaka mzima yote iko mipakani. Kaskazini kuna Kunene na Okavango, kusini kuna Orange, na katikati ya nchi yamebaki makorongo ya mchanga ambayo hupitisha maji siku chache baada ya mvua kubwa kisha hukauka. Hapo katikati ndipo ulipo mji mkuu, Windhoek, kwenye nyanda za juu zilizo takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Windhoek hadi Okavango ni kama kilomita 700. Bahari iko karibu zaidi, kiasi cha kilomita 300 kuelekea magharibi, lakini maji ya bahari yakishaondolewa chumvi itabidi yasukumwe kupanda zaidi ya kilomita moja na nusu kabla ya kufika kwenye bomba la mtu. Umeme wa kazi hiyo haulipiki kirahisi.

Mvua ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 360 hivi. Jua, kwa upande wake, lina uwezo wa kuvukiza zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Kwa hiyo bwawa lolote linalojengwa katika eneo hilo huwa na mteja asiyelipa anayekunywa kuliko wote, naye ni hewa.

Huu ndio mji ambao tangu mwaka 1968 umekuwa ukichukua majitaka ya nyumba zake, kuyasafisha hadi kiwango cha kunyweka, na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba. Majitaka hayo hayamwagwi kwanza mtoni wala baharini. Hayapumzishwi miaka chini ya ardhi ili watu wasahau yalikotoka. Ulikuwa mji wa kwanza duniani kufanya hivyo kwa kiwango cha mji mzima, na kwa miongo kadhaa ulibaki peke yake.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mashine nzuri. Naona usimulizi huo unapotosha. Mashine zipo, na zinastahili kuelezwa kwa kina, lakini kilichofanya Windhoek ifaulu ni maamuzi mawili yasiyopendeza kwenye picha: kuchagua ni majitaka gani yaruhusiwe kufika mtamboni, na kukubali kuuzima mtambo siku maji yasipotimiza masharti. Jiji likinunua mtambo kama ule bila maamuzi hayo mawili, litakuwa limenunua chuma.

Ilivyofika hapo

Mji ulianza pembeni ya chemchemi za maji moto. Watu walipoongezeka, vilichimbwa visima, na kadiri visima vilivyovuta maji chemchemi zilififia. Bwawa la Avis lilijengwa mwaka 1933, na la Goreangab, upande wa magharibi wa mji, mwaka 1958. Kufikia miaka ya 1960 hesabu zilikuwa wazi: visima vilikuwa vinachoka, bwawa la Goreangab lilikuwa dogo, na mabwawa makubwa ya mbali yalikuwa bado michoro ya wahandisi.

Namibia wakati huo ilikuwa inatawaliwa na Afrika Kusini kwa jina la Afrika ya Kusini Magharibi. Taasisi ya taifa ya utafiti wa maji huko Pretoria ilikuwa inachunguza namna ya kugeuza majitaka yaliyokwisha kusafishwa kawaida yawe maji ya kunywa. Mtu anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Dkt. Lucas van Vuuren. Msimamo wake, ambao hadi leo wataalamu wa fani hii wanaunukuu, ni kwamba maji yahukumiwe kwa ubora yalio nao sasa na wala si kwa historia yake. Ukiufikiria, haukuwa msimamo wa kukwepa swali. Mto wowote mkubwa unaopita miji kadhaa hubeba majitaka ya mji wa juu hadi kwenye chanzo cha maji cha mji wa chini. Tofauti ni kwamba mtoni hakuna anayelitamka.

Mtambo wa kwanza wa Goreangab ulifunguliwa mwaka 1968, ukiwa na uwezo wa kuzalisha mita za ujazo 4,800 kwa siku. Ulipokea maji kutoka bwawa la Goreangab na majitaka yaliyosafishwa katika mtambo wa Gammams ulio jirani. Uliboreshwa mara kadhaa, na kwa miaka mingi haukufanya kazi mfululizo: uliwashwa zaidi wakati wa ukame, na mvua zikirudi mzigo ukahamia kwenye mabwawa. Wengi husahau jambo hili. Wanadhani mji uliamka siku moja ukaanza kunywa majitaka yake kila siku, kumbe ulijifunza polepole, kwa kiasi kidogo, ukiwa na njia nyingine pembeni.

Kuna kipande cha historia hii ambacho ripoti nyingi za kiufundi hukiruka. Mwaka 1968 wakazi hawakuulizwa kwa kura. Waafrika wa mji huo walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa kitongoji kipya cha Katutura, baada ya polisi kuwapiga risasi waliopinga uhamisho tarehe 10 Desemba 1959. Serikali iliyoanzisha mradi wa maji haikuwa na desturi ya kuomba ridhaa kwa jambo lolote. Kwa hiyo anaposimama mtaalamu mkutanoni akasema "Windhoek watu walikubali", inafaa kumuuliza walikubali lini na kwa utaratibu gani.

Linganisha na Toowoomba, mji wa Australia uliokuwa katika ukame mkali mwaka 2006. Huko wakazi waliulizwa kwa kura kama wanaridhia majitaka yaliyosafishwa yaingizwe kwenye vyanzo vyao vya maji ya kunywa, na zaidi ya asilimia 60 wakakataa. Sidhani kwamba watu wa Toowoomba walikuwa wajinga kuliko wa Windhoek. Waliombwa waamini kitu ambacho hawajakiona kikifanya kazi kwao, ndani ya kampeni fupi yenye kelele, huku wapinzani wakiwa na neno moja tu la kurudia: choo. Imani ya watu wa Windhoek ilikuja baadaye. Ilijengwa na miaka ya maji yaliyopimwa na watu wasiougua, na ilibaki hata baada ya uhuru wa mwaka 1990, wakati ambapo baraza jipya lingeweza kabisa kuufunga mtambo kama masalia ya ukoloni. Halikuufunga. Likaamua kuupanua.

Safari ya maji ndani ya mtambo mpya

Mtambo unaotumika leo ulianza kazi mwaka 2002, karibu na ule wa zamani. Uwezo wake ni mita za ujazo 21,000 kwa siku, yaani lita milioni 21. Ulijengwa kwa fedha za mikopo kutoka Ulaya, na uendeshaji ukakabidhiwa kwa mkataba wa miaka 20 kwa kampuni ya WINGOC, iliyoundwa kwa ubia wa makampuni ya kimataifa ya maji. Mtambo wa zamani haukutupwa. Ulipewa kazi nyepesi zaidi ya kuandaa maji ya kumwagilia bustani na viwanja vya michezo, ambayo husafiri kwa mtandao wake wa mabomba usiogusana na ule wa maji ya kunywa.

Maji yanapofika kwenye mtambo mpya tayari yamepita Gammams. Huko bakteria wamekwisha kula sehemu kubwa ya uchafu wa kinyesi na chakula, nitrojeni na fosforasi zimepunguzwa, na maji yametulizwa kwenye madimbwi. Kwa kawaida ya miji mingi hapo ndipo kazi huishia, maji yakamwagwa mtoni.

Goreangab kazi ndiyo kwanza inaanza. Maji huguswa kwanza na gesi ya ozoni, kisha hutiwa feriki kloridi, kemikali inayofanya chembe ndogo zishikane na kuwa mabonge. Yanaingia kwenye tangi ambamo viputo vidogo mno vya hewa hupulizwa kutoka chini. Viputo hunasa mabonge na kuyainua juu, uchafu ukaelea kama povu na kuondolewa. Mtu aliyezoea mitambo ya kutuliza tope chini angeshangaa kuona hapa uchafu unapandishwa, lakini ni uamuzi wenye sababu. Maji haya yana mwani na chembe nyepesi ambazo zingechukua muda mrefu kuzama. Baada ya hapo yanapita kwenye vichujio vya mchanga, ambako pia madini ya chuma na manganizi hushughulikiwa.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Maji hupigwa ozoni tena, safari hii kwa kipimo kikubwa. Ozoni inaua vijidudu, ndiyo, ila hapa ina kazi ya pili isiyosemwa sana: inavunja molekuli kubwa za kikaboni, zile ambazo bakteria wa Gammams walishindwa kuzimeng'enya, kuwa vipande vidogo. Vipande hivyo sasa ni chakula. Maji yanapelekwa moja kwa moja kwenye vitanda vya mkaa amilifu ambamo bakteria wameachwa waishi kwa makusudi, nao wanavila. Kisha yanapita kwenye vitanda vingine viwili vya mkaa vinavyofuatana, ambavyo kazi yake ni kunasa kwenye vitundu vyake mabaki ya dawa, viuatilifu na kemikali nyingine zilizoponyoka.

Ndipo maji yanafika kwenye utando wa kuchuja. Vitundu vyake ni vidogo kiasi kwamba bakteria hawapiti, wala vimelea kama Giardia na Cryptosporidium. Huyu wa pili ndiye anayewanyima usingizi wahandisi wa maji, kwa sababu klorini haimdhuru kwa kipimo cha kawaida. Mwisho maji hutiwa klorini na kurekebishwa ukali wake ili yasile mabomba.

Mpangilio huu unafuata kanuni moja: hakuna hatari inayoachiwa hatua moja tu. Virusi vinakutana na ozoni, utando na klorini. Cryptosporidium anakutana na viputo, mchanga, ozoni na utando. Hatua moja ikilegea, nyingine iko nyuma yake. Aidha kuna silaha za akiba ambazo hazitumiki kila siku, kwa mfano mkaa wa unga unaomwagwa mwanzoni mwa mtambo endapo maji yanayoingia yameonyesha dalili mbaya.

Msomaji anayefuatilia teknolojia hii ataona kuna kitu hakipo. Mitambo mingi mikubwa ya aina hii duniani, ikiwemo ya Singapore na ya Orange County huko Kalifonia, hutegemea osmosi kinyume, yaani kuyasukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando unaozuia hata chumvi. Windhoek haikuichagua. Osmosi kinyume inakula umeme mwingi, lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba inaacha sehemu ya maji ikiwa imekolea chumvi zote zilizozuiwa. Singapore na Orange County ziko pwani, zina bahari ya kumwagia. Mji ulio nyikani umbali wa kilomita 300 kutoka pwani ungemwaga wapi? Na katika mji unaohesabu kila tone, kuitupa sehemu ya maji kila siku ni jambo gumu kulitetea. Gharama ya uchaguzi huo ni kwamba chumvi haiondolewi, nayo huongezeka kidogo kila maji yanapozunguka. Ndiyo maana lazima yachanganywe na ya mabwawa.

Mlango wa kuingilia

Huko nyuma nilitaja uamuzi wa kuchagua majitaka. Windhoek ina viwanda: kiwanda cha bia, machinjio, kiwanda cha ngozi. Majitaka ya kiwanda cha ngozi yanaweza kuwa na kromiamu, na kemikali za viwandani kwa jumla zina tabia ya kubadilika ghafla. Leo zipo kiasi hiki, kesho mtu ameosha tangi usiku na kuachia kitu ambacho hakuna mtambo uliokitarajia. Mtambo wa kusafisha majitaka ya nyumbani unaweza kubuniwa vizuri kwa sababu kinachotoka kwenye vyoo na majiko hakibadiliki sana kutoka wiki hadi wiki. Kinachotoka viwandani hakina nidhamu hiyo.

Mji ulitenga mifereji. Majitaka ya eneo kubwa la viwanda la kaskazini yanaelekezwa Ujams, mtambo ulio kwenye bonde jingine kabisa, na maji yake hayarudi kwenye bomba la kunywa. Gammams inapokea ya nyumbani. Ukichora ramani ya mabomba ya majitaka ya Windhoek unaona kwamba usafi wa glasi ya maji ulianza kuamuliwa na ofisi ya mipango miji, kabla mhandisi wa kemikali hajaitwa. Kiwanda kipya kikitaka kibali, swali la kitakapomwaga majitaka yake ni swali la maji ya kunywa ya mji.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kisa hiki kinaweza kuhamishwa popote. Miji mingi ina mtandao mmoja wa majitaka ambamo gereji, hospitali, viwanda vidogo vya rangi na nyumba za watu vyote vimeungwa, na mara nyingi haijulikani kwa hakika nani ameunga wapi. Kutenganisha mtandao uliokwisha kuzikwa chini ya barabara ni kazi ya miaka mingi, na haina sherehe ya kukata utepe. Mtambo wa kisasa unaweza kujengwa kwa miaka miwili au mitatu. Ukijengwa juu ya mtandao mchafu, vitanda vya mkaa vitachoka mapema, utando utaziba, na siku moja kitapita kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakipima.

Kuzima

Uamuzi wa pili unahusu upimaji. Ndani ya mtambo kuna vipimo vya moja kwa moja vinavyosoma hali ya maji saa 24 katika hatua mbalimbali: uangavu wake, kiasi cha kaboni ya kikaboni iliyoyeyuka, klorini iliyobaki. Juu ya vipimo hivyo kuna sampuli zinazochukuliwa na kupelekwa maabara kutafuta bakteria, virusi na vimelea. Viwango vimeandikwa ndani ya mkataba wa uendeshaji. Maji yakivuka kiwango kilichowekwa hayatoki: mtambo unaacha kupeleka maji mjini na kuyarudisha mwanzo hadi tatizo lipatikane.

Kipimo chenyewe ni rahisi kununua. Vihisi vya uangavu wa maji viko kwenye mitambo mingi ya kawaida duniani, na vingi vinapiga king'ora ambacho zamu ya usiku imezoea kukizima ili ilale. Tofauti ya Windhoek iko kwenye mamlaka ya kile kipimo. Kikisema hapana, maji hayatoki, na mwendeshaji anayelipwa kwa maji aliyoyapeleka anakosa malipo. Jambo hilo linawezekana kwa sababu mji una mahali pengine pa kuchota wakati mtambo umezimwa. Laiti maji ya Goreangab yangekuwa asilimia 100 ya maji ya mji, shinikizo la kuyaachia yapite hata yakiwa na kasoro ndogo lingekuwa kubwa mno. Katika hali ya kawaida yamekuwa kama robo ya maji yote, na kanuni ya kuchanganya imeweka ukomo wa asilimia 35. Wengi huuona ukomo huo kama tahadhari ya kiafya. Mimi nauona pia kama kinga ya utawala: unampa msimamizi wa zamu uhuru wa kuzima bila kuuacha mji mkavu.

Je, watu waliugua? Swali hilo lilichunguzwa mapema. Utafiti wa kitabibu uliofuatilia magonjwa ya kuhara mjini humo kati ya 1974 na 1983, ukachapishwa mwaka 1988, haukupata uhusiano kati ya kunywa maji yaliyorejelezwa na kuhara. Kilichohusiana na magonjwa hayo ni hali za maisha za watu. Kwa maneno mengine, aliyekuwa hatarini alikuwa mtoto anayekaa kwenye msongamano bila choo cha maana, hata kama maji ya bombani kwake yalikuwa sawa na ya jirani tajiri. Kuhusu kemikali zinazoweza kudhuru kidogo kidogo kwa miaka mingi, kama mabaki ya dawa na homoni, jibu la mji ni upimaji unaoendelea na vile vitanda vya mkaa. Ni jibu zuri, ingawa haliwezi kuwa la mwisho, kwa kuwa kila mwaka viwanda vya dunia huleta kemikali mpya.

Mwamba kama tangi

Ukame ndio mtihani halisi, na ulikuja. Miaka iliyofuata 2013 mvua zilikuwa haba mfululizo, na Juni 2016 Rais Hage Geingob alitangaza hali ya dharura nchini. Mabwawa matatu yanayohudumia katikati ya Namibia, yaani Von Bach, Swakoppoort na Omatako, yalishuka hadi kukaribia kukauka. Yanaendeshwa kwa pamoja: maji ya Omatako na Swakoppoort husukumwa hadi Von Bach, ambalo ni lenye kina zaidi na uso mdogo ukilinganisha na maji linayobeba, ili jua lipate pungufu. Ujanja huo unasaidia, mradi kuwe na maji ya kuhamisha.

Mtambo wa Goreangab ukawa chanzo kisichojali mvua. Lakini haukusimama peke yake. Nusu ya pili ya habari iko chini ya ardhi. Kusini mwa mji kuna mwamba wa kwazaiti uliojaa nyufa, na nyufa hizo zimebeba maji tangu zamani. Karne nzima ya visima iliyapunguza. Katika miaka ya 1990 yalifanyika majaribio ya kuyarudisha kwa kuingiza maji visimani kwa makusudi, na yalipoonyesha matokeo mazuri mji ukaanza kulitumia jambo hilo kama mpango wa kudumu: mwaka wenye mvua nzuri, ziada ya mabwawa husafishwa hadi kiwango cha kunywa, hupitishwa kwenye mkaa na kutiwa dawa, kisha huingizwa mwambani. Huko jua haliyafikii. Ukame ukija visima vinayavuta.

Kwa nini yasafishwe hivyo kabla ya kuzikwa? Kwa sababu ufa ulioziba kwa utelezi wa bakteria, au uliochafuka, hauoshwi. Watu wa mabwawa wanaweza kufukua tope. Watu wa mwamba hawana koleo linalofika huko. Nadhani huu ndio uwekezaji wenye akili kuliko yote Windhoek iliyofanya, na unazungumzwa kidogo kwa vile hauna jengo la kutembelewa na wageni.

Mji pia ulipunguza matumizi. Tangu mwaka 1994 ulikuwa na sera ya kudhibiti matumizi ya maji: bei inayopanda kadiri unavyotumia zaidi, masharti juu ya mabwawa ya kuogelea na saa za kumwagilia bustani, utafutaji wa mivujo. Wakati wa ukame masharti yalikazwa.

Palipobana

Bwawa la Goreangab, lililokuwa chanzo kimojawapo cha mtambo wa 1968, limechafuka kiasi cha kupoteza maana yake ya awali. Juu yake, kwenye vilima vya kaskazini magharibi, makazi yasiyopimwa yamekua haraka tangu uhuru. Mji uliokuwa na watu kama 147,000 mwaka 1991 ulikuwa na zaidi ya 325,000 mwaka 2011. Wengi wa waliokuja wanaishi bila vyoo vilivyoungwa kwenye mtandao, na mvua inapoosha vilima hivyo inauleta uchafu wote bwawani. Ni ajabu, ila ndivyo ilivyo: majitaka yaliyokusanywa kwenye bomba na kupita Gammams ni malighafi ya kuaminika kuliko maji ya mvua yaliyo bwawani.

Gammams nayo imezidiwa. Ilijengwa kwa ajili ya mji mdogo, na ikishindwa kuondoa amonia ipasavyo, Goreangab inalazimika kupunguza uzalishaji au kusimama. Mtambo wa kunywa unategemea kabisa mtambo ulio kabla yake, na bajeti za miji hupenda kumpa fedha yule wa mwisho, anayeonekana.

Kuhusu kuleta maji kutoka mbali, wazo la Okavango halijafa. Mfereji wa wazi wa zaidi ya kilomita 250 ulichimbwa miaka ya 1980 kutoka Grootfontein hadi bwawa la Omatako, ukiwa sehemu ya mpango wa siku moja kuufikia mto. Kipande cha mwisho hakikujengwa. Kilipopendekezwa kwa uzito katika ukame wa miaka ya 1990, Botswana ilikuwa na wasiwasi juu ya delta iliyo chini ya mto, na suala likabaki mezani mwa tume ya pamoja ya nchi tatu zinazoushiriki mto huo. Kwa sasa mji unapanga mtambo wa pili wa kurejeleza, na kuipanua Gammams pamoja nao.

Hapo linajitokeza tatizo la hesabu. Mtambo wa pili unahitaji majitaka ya kutosha, na ukame unapofika wakazi hubana matumizi, hivyo majitaka yanapungua wakati yanapohitajika zaidi, na yanayobaki yanakuwa yamekolea chumvi na uchafu. Matumizi ya bustani hayarudi kabisa. Maji yanayochotwa kwenye mabomba ya jumuiya vilimani na kumwagwa nje ya kibanda hayarudi pia. Kila nyumba ya makazi hayo itakayoungwa kwenye mtandao wa majitaka itaongeza malighafi ya mtambo na wakati huohuo itapunguza kinachoteremka bwawani, kwa hiyo kilomita za bomba la majitaka kuelekea vilima vya kaskazini magharibi zinapaswa kuwekwa kwenye jedwali lilelile la gharama ambalo Okavango na bahari tayari vimo.